Baiskeli kwa mwenye Parkinson: namna ya kuanza uani bila kuanguka

Nikitoka msikitini Ijumaa hapa Wete, hakosi mtu wa kunivuta kando. "Nasikia baba yako anapanda baiskeli, na anavyotetemeka vile. Inakuwaje?" Wiki hiyo hiyo hupiga simu mwengine kutoka Mkoani, na mwengine yuko Unguja, Kiembesamaki, mama yake kaambiwa ana Parkinson na hajui pa kuanzia. Maswali ni yale yale: hataanguka? Hiyo mashine inauzwa wapi? Apande dakika ngapi? Kabla ya dawa au baada ya dawa? Nimeona niyaandike yote pahala pamoja, ili anayeuliza leo usiku aweze kuanza wiki hii.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: baiskeli haiendi popote. Unaifunga isimame imara uani, mgonjwa anapiga pedeli za haraka zisizo nzito, anapiga wakati dawa imeshashika, na mtu wa pili hatoki ubavuni pake mpaka ameshuka na ameketi.

Kwa nini baiskeli

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo, na dopamini ikipungua mwili huwa mzito, mikono hutetemeka, hatua hufupika. Si upepo, si jini, na si uzee tu. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi wenyewe tulizunguka karibu miaka miwili na makombe na mafusho kabla ya kumfikisha baba kwa daktari, na miaka hiyo hairudi.

Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Jay Alberts, alikata jimbo la Iowa kwa baiskeli ya watu wawili, nyuma yake kakaa mwanamke mwenye Parkinson. Alberts alikuwa akienda kasi, na miguu ya yule mama ikabidi iifuate kasi ile ile. Njiani ikaonekana mwandiko wake umekuwa mzuri, na mkono haukupiga pedeli hata moja. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio dogo la watu 10 kwa wiki 8: wale ambao miguu yao ilipelekwa kasi kuliko walivyozoea walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliojiendea kwa kasi yao. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walimuonesha kwenye video mtu wa miaka 58 ambaye kutembea hatua chache kulimshinda, akipewa baiskeli anaondoka kama kijana. Na mwaka 2019, Uholanzi huko huko, watu 130 walifuatiliwa kwa miezi 6 majumbani mwao. Waliopiga pedeli kwenye baiskeli isiyoenda popote, mwendo wao ulishikilia vizuri kuliko wa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu.

Baiskeli haiponyi Parkinson na haichukui nafasi ya dawa. Mtu akikwambia baba yako ataacha vidonge kwa sababu ya pedeli, usimsikilize.

Kwanza daktari

Usimpandishe mtu kabla hajapimwa presha na moyo. Mwambie daktari waziwazi: "Nataka apige pedeli mpaka atoke jasho, mara tatu kwa wiki. Anaweza?" Mtajie dawa zote anazokunywa, na za presha pia, kwani baadhi ya hizo huzuia moyo kwenda mbio na kipimo cha mapigo kinakuwa hakitegemeki. Kama ana sukari, uliza ale nini kabla. Kama ameshaanguka mwaka huu, sema.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kama mgonjwa alikuwa mpanda baiskeli mzuri na tangu maradhi yaanze, mapema tu, akapoteza kabisa uwezo wa kujiweka sawa juu ya magurudumu mawili, mwambie daktari hivyo hivyo. Kuna maradhi yanayofanana na Parkinson lakini siyo, na dalili hiyo humsaidia daktari kuyatenganisha.

Vitu vya kutayarisha

Baiskeli. Usinunue mashine ya gym kama huna uwezo nayo. Baiskeli ya kawaida inatosha, na bora zaidi ni ile ya kike, isiyo na bomba la juu, kwa sababu mguu unapita mbele bila kunyanyuliwa sana. Sisi tulitumia Phoenix ya baba mwenyewe, ile aliyokuwa akipakilia magunia ya karafuu kupeleka kituoni kupima. Ni nzito, na uzito huo ndio tunaoutaka.

Stendi. Phoenix ina stendi ya nyuma ya miguu miwili inayonyanyua gurudumu, na sote tulipokuwa watoto tulikaa juu yake tukapiga pedeli hewani. Kwa mtu mzima anayetetemeka haitoshi. Inacheza, na ikicheza mara moja tu hatapanda tena. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akutengenezee miguu miwili ya chuma yenye umbo la herufi A, inayokamata ekseli ya nyuma kushoto na kulia, na chini iunganishwe kwa vyuma vipana. Yetu ina upana wa sentimita 80 chini. Gurudumu la nyuma liwe juu ya sakafu kiasi cha vidole viwili. Gurudumu la mbele likae kwenye ubao mnene uliochongwa mfereji, ili usukani usigeuke na baiskeli isiinamie mbele.

Kidaraja cha kupandia. Baiskeli ikishanyanyuliwa miguu haifiki chini. Tengeneza kidaraja cha mbao au tofali, kipana, kisichoteleza, kimo cha kipandio kimoja cha ngazi. Kipana kweli, miguu miwili ienee na nafasi ibaki.

Viatu vya kufunga, vyenye soli ya mpira. Ndara hapana, makubadhi hapana.

Kiti kizito chenye mikono, cha kukalia kabla na baada.

Saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Programu za metronomu, yaani za kupiga mdundo wa kufuata, zipo za bure.

Maji ya kunywa, taulo, na daftari la shule.

Mtu wa pili. Huyu ndiye kifaa kikubwa kuliko vyote, na asiwe mtoto.

Hatua kwa hatua

1. Chagua saa ya dawa. Wanaotumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, wanaijua saa yao nzuri: mwili unafunguka, sauti inarudi, kifungo cha shati kinafungika. Kwa wengi ni kati ya nusu saa na saa moja baada ya kumeza. Mazoezi yaingie hapo. Usimbadilishie saa ya dawa ili ifuate nafasi yako, nafasi yako ndiyo ifuate dawa. Halafu angalia jua. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, saa nne asubuhi hapa kwetu ni tanuri, na watu wenye Parkinson mara nyingi mwili wao haudhibiti joto na jasho vizuri. Sisi hupanda saa moja asubuhi, au baada ya alasiri uani kukiwa na kivuli.

2. Weka baiskeli pahala pana. Isikae ujiani wala mlangoni. Mwenye Parkinson huganda khasa kwenye nafasi nyembamba na anapogeuka, miguu ikawa kama imegundishwa sakafuni. Acha mita moja na nusu kila upande, ila ubavu wa kulia uwe karibu na ukuta kiasi cha mkono kuufikia. Sakafu iwe kavu. Wakati wa masika, saruji ya uani huota ukoga wa kijani usioonekana, basi isugue au hamia ukumbini.

3. Pima kimo cha siti. Akae, kisigino kikae juu ya pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke karibu lote. Akiweka mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ikiwa chini mno goti litauma ndani ya wiki. Ikiwa juu mno nyonga zitayumba.

4. Mkalishe dakika tano, kisha asimame dakika moja. Muulize kama kichwa kinazunguka. Parkinson yenyewe na dawa zake huweza kuishusha presha mtu anaposimama. Ikiwa anaona kiza au anayumba, leo hakuna kupanda. Mpe maji, mkalishe tena, na daktari aambiwe.

5. Kupanda. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mgonjwa asimame kushoto kwa baiskeli, mikono miwili usukanini. Wewe simama nyuma yake kidogo upande wa kushoto, mkono mmoja kiunoni pake. Mshike kiuno au mkanda, usimshike mkono, kwani ukimvuta mkono unamtoa kwenye uwiano wake. Mpe neno moja kwa mara moja: "Panda kidaraja." Ngoja. "Pitisha mguu." Ngoja. "Kaa." Ngoja. Ukimwambia "panda upitishe mguu ukae" ataganda katikati, na si kwamba hakusikia. Baada ya kukaa ndipo miguu iwekwe kwenye pedeli, mmoja mmoja, na wewe uiangalie kwa macho kama imekaa katikati.

Akiganda mbele ya kidaraja, usimsukume na usimwambie "twende, twende". Mwambie apeleke uzito kushoto, kulia, kushoto, kama anayumba kwenye dau, halafu ahesabu mwenyewe kwa sauti "moja, mbili, tatu" na kwenye tatu anyanyue. Njia nyengine iliyotusaidia sisi ni mstari wa chaki. Baba alikuwa akifika mlango wa ua anasimama, vidole vya miguu vinatetemeka na kisigino hakinyanyuki. Nikachora mistari mitano ya chaki nyeupe kutoka mlangoni mpaka kwenye kidaraja, kila mmoja umbali wa hatua. Akaivuka yote, mmoja baada ya mmoja, macho chini, kama anavuka vijito.

6. Pasha mwili dakika tano mpaka kumi. Pole pole, bila kuhesabu. Aangalie mbele, mabega ayashushe, mikono ishike kwa ulaini.

7. Ongeza kasi, na hii ndiyo kazi yenyewe. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Ukipata 12, hiyo ni mizunguko 48 kwa dakika. Ukipata 20, ni 80. Kasi iliyotumika kwenye yale majaribio ya Marekani ilikuwa kati ya 80 na 90, lakini usimrukishe huko. Chukua kasi yake mwenyewe ya siku ya kwanza, umuongeze mizunguko mitano, akiizoea umuongeze mitano mengine. Baba alianza na 44. Ilimchukua zaidi ya miezi miwili kufika 75, na mwenzake mwengine hapa mtaani hajapita 65 na bado anafaidika.

Mdundo husaidia kuliko maneno. Weka metronomu, au piga makofi, au weka muziki unaokwenda. Kidumbaki kinafaa sana kwa sababu hakikupi nafasi ya kulegea. Taarabu ya zamani ni nzuri kwa kupasha mwili tu. Baba hapendi muziki asubuhi, basi mimi hupiga kwa vidole juu ya ndoo kama dufu, na miguu yake inafuata bila kuambiwa.

Pedeli ziwe nyepesi. Tunatafuta miguu ya haraka, hatutafuti misuli ya kupandia mlima wa Chake. Ila kama gurudumu linazunguka tupu kabisa na miguu inapwaya, funga kipande cha tyubu kuukuu kwenye stendi kiguse tairi kidogo tu.

8. Pima kwa maneno. Akiweza kuimba, bado hajafanya kazi. Akiweza kusema sentensi fupi huku anahema, hapo ndipo. Asipoweza kumaliza "Alhamdulillahi Rabbil aalamin" kwa pumzi moja, mpunguze. Lakini kumbuka sauti ya mwenye Parkinson ni ndogo hata akiwa amekaa, kwa hiyo msikilize pumzi, usisikilize ukubwa wa sauti.

9. Muda. Wiki mbili za kwanza dakika 10 za kazi zinatosha, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kisha ongeza dakika mbili au tatu kila wiki mpaka ufike 30. Wenye nguvu wafike 40. Siku ambayo hakulala vizuri, punguza muda lakini kasi iache, hata ikiwa dakika nane.

10. Poza dakika tano. Asisimame ghafla. Kasi ishuke taratibu mpaka miguu iende yenyewe, kwa sababu akisimama ghafla damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka wakati wa kushuka.

11. Kushuka. Rudia hatua ya tano kinyumenyume, na uwe makini maradufu. Kachoka, kaloa jasho, anafurahi kuwa kamaliza. Pedeli zisimame kabisa kwanza. Mguu wa kulia upite mbele, usipite nyuma juu ya keria. Miguu yote miwili ikae kwenye kidaraja, ahesabu tano, ndipo ashuke sakafuni na aende moja kwa moja kwenye kiti. Anywe maji akiwa ameketi.

12. Andika. Tarehe, saa ya dawa, dakika, kasi, na neno moja la hali yake. Mwambie aandike jina lake mwenyewe chini ya kila siku. Herufi za wenye Parkinson husinyaa kadiri mkono unavyoendelea, na daftari litakuonesha kabla ya macho yako. Na daktari atalipenda daftari hilo kuliko maelezo yako yote.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa kubwa nililifanya mimi. Wiki ya sita, baba kamaliza, bado yuko juu ya siti, simu yangu ikalia ndani. Niliingia nikaipokea, dakika moja haikufika. Akaona anaweza, akajishusha. Nilipotoka alikuwa ameegemea ndoo, goti linachuruzika damu, na kilichomuuma zaidi haikuwa goti. Alikaa wiki tatu hataki kuiona baiskeli. Tangu hapo simu yangu huzimwa kabla ya yeye kusimama.

Nguo ni la pili. Msuri, kanga, baibui na ncha za kanzu huingia kwenye spoki na mnyororo kwa kasi ambayo mkono wa mgonjwa hauwezi kuiwahi. Suruali ya mpira au ya michezo, imebana vifundoni. Kina mama wengi wananiambia wanaona haya kuonekana juu ya baiskeli, na ndiyo maana napendekeza uani: mlango umefungwa, umevaa suruali na dera fupi, hakuna wa kukutazama. Bibi mmoja wa mtaa wa pili hupiga pedeli zake hivyo, na wajukuu ndio wahesabuji.

Kufunga miguu kwenye pedeli kwa kamba ngumu ni hatari. Kama mguu unateleza kweli, tumia mkanda wa kunata unaofunguka kwa mvuto mmoja, na uufunge na kuufungua wewe. Barabarani usifunge kabisa.

Watu huongeza uzito wa pedeli wakidhani ndiyo mazoezi. Mgonjwa anachoka upesi, kasi inashuka, na faida tuliyoifuata inakuwa imepotea.

Na Ramadhani. Mwenye Parkinson asiruke dawa ili afunge bila kuzungumza na daktari wake, kwani kuiacha ghafla kunaweza kumletea madhara makubwa. Aya ya 184 na 185 za Suratul Baqarah zimempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Anayefunga kwa ushauri wa daktari apande baada ya futari kushuka, kama saa moja na nusu hivi tangu ale, na asipande mchana.

Swali la barabarani

Kila mtu huuliza: lini atatoka nje? Jibu langu ni kuwa si lazima atoke, na wengi wasitoke. Yule mtu wa Uholanzi anayeonekana kwenye video akipeta, nchi yake ina njia za baiskeli pekee yake. Sisi tuna daladala zinazosimama bila ishara, bodaboda, mbuzi, na mchanga pembeni mwa lami.

Kama maradhi ni ya mwanzo, hajawahi kuanguka, haoni kizunguzungu, na daktari amekubali, basi chagua uwanja na uiache barabara. Kwa Unguja, tafuta uwanja tambarare na mpana, asubuhi. Mji Mkongwe usimpeleke, vichochoro na kona zake ni pahala pa kugandia na pa kugongana. Kwa Pemba tuna vilima kila upande, kwa hiyo tafuta uwanja wa mpira wa skuli siku ambayo watoto hawapo. Siti ishushwe mpaka nyayo mbili ziguse chini akiwa amekaa. Mwenzake apande nyuma yake kidogo, upande wa kulia, awe ngao ya magari. Na asimsemeshe. Kichwa cha mwenye Parkinson hubeba kazi moja vizuri. Ukimuuliza bei ya samaki, miguu inasahau. Baiskeli ya magurudumu matatu, kama utaipata, inaondoa nusu ya wasiwasi wote huu.

Mambo yakienda kombo

Kasi inashuka bila yeye kujua. Ni kawaida, Parkinson hufupisha mwendo wa mguu kama inavyofupisha mwandiko. Usimwambie "haraka", mwambie "goti juu". Au mpe dakika moja ya kasi na dakika moja ya kupumzika kwa mizunguko ya taratibu, mara sita.

Miguu imeganda juu ya pedeli. Mwambie apige nyuma nusu mzunguko, kisha mbele. Kuanza upya kwa upande mwengine mara nyingi hufungua.

Mwili unajinyonganyonga na kuyumba wenyewe. Hiyo si baridi wala woga, mara nyingi dawa imefika kileleni. Ngoja ipungue, na kesho anza mapema au chelewa kwa dakika ishirini. Ikiwa inakuja kila siku, daktari aambiwe, usipunguze kidonge wewe.

Goti linauma kwa mbele: siti iko chini. Linauma kwa nyuma: siti iko juu. Matako yanakufa ganzi: weka mto mwembamba uliofungwa imara, na kila dakika tano ajinyanyue kidogo akiwa ameshika usukani na wewe umemshika kiuno.

Vidole vya miguu vinajikunja na kukaza usiku. Nyoosha shavu la mguu baada ya kila zoezi, mikono ukutani, kisigino chini, nusu dakika kila mguu. Kukiendelea, huenda ni dawa ya usiku inayokatika mapema, na hilo lina ufumbuzi hospitali.

Maumivu ya kifua, pumzi isiyorudi, mapigo yanayorukaruka, au amezimia: mshushe, mlaze, tafuta gari uende hospitali. Usingoje ipoe.

Hataki kupanda. Hili ndilo gumu kuliko yote, na watu humlaumu mgonjwa kwa uvivu. Kukosa hamu ni sehemu ya maradhi, ubongo uleule usio na dopamini ndio unaopaswa kumuamsha. Basi usimuulize "utapanda leo?" kwa sababu jibu ni hapana. Baba mimi humkuta baada ya chai, namwambia, "Baba, shikamoo, baiskeli iko tayari," na nimeshamshikia viatu. Siku nyengine husema dakika tano tu. Namkubalia. Mara nyingi dakika tano hizo huwa ishirini.

Na kwenye Phoenix yetu kuna kengele ya zamani upande wa kulia, karibu na mkono unaotetemeka. Akishakaa kabla ya kuanza, kengele hulia yenyewe, kri, kri, kri, kwa mtetemeko wa kidole gumba kilichoigusa. Akianza kupiga pedeli huendelea kidogo, halafu inanyamaza. Nilidhani imelegea nikataka kuiondoa. Baba akakataa. Anasema ikinyamaza ndipo anapojua mwili umekubali.

Mambo ya chombo chenyewe: kila Jumamosi kaza nati za ekseli na za stendi, kwani mtikisiko huzilegeza. Tia mafuta ya cherehani kwenye mnyororo na ufute yanayodondoka sakafuni, tone moja linatosha kumtelezesha mtu. Kagua kidaraja kama kimetoa msumari. Na baiskeli ikianza kutembea juu ya saruji, weka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya stendi.